Mteja Asiye Ndugu

Mama Mito alikuwa na wateja, tena wa kutosha, ila hapakuwa na hata mmoja kati yao ambaye hakuhudhuria harusi yake.

Alikuwa anashona mito ya mgongo. Usifikirie ile ya kulalia, wala ile ya kupamba makochi ambayo mgeni akifika anaiweka kando ili apate pa kukaa. Hii ilikuwa minene, ya sponji ngumu, yenye mkanda wa kufungia nyuma ya kiti, na ilikamata kiuno cha mtu anayekaa kutwa. Aliibuni mwenyewe enzi za ukarani wa tiketi, pale kiti cha ofisini kilipomfanya atembee ameinama kama mtu aliyedondosha sindano. Kazi ile ilipokwisha alirudi nyumbani, akaipangusa vumbi cherehani ya marehemu mama yake, akafungua ukurasa mtandaoni, akapiga picha ya mto dirishani, kisha akakaa kuusubiri ulimwengu uje kununua.

Walikuja ndugu. Mjomba alinunua mto, baba mkwe akanunua, binamu akanunua miwili na kukiri kwamba nyumbani kwake kuna stuli tu. Mama Mito alishukuru huku moyo ukisononeka, maana anayekununulia kwa sababu anakupenda hajakuambia kitu kuhusu mto.

Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtu mpole ambaye huongea na mashine kwa adabu kuliko wengi wetu tunavyoongea na watu. Mwenye banda alilokuwa akifanyia kazi alitaka banda lake mwisho wa mwezi, na pa kuyapeleka majokofu hapakuwepo, isipokuwa chumba cha mbele, ambacho ndicho kilikuwa na cherehani, meza ya kukatia na marobota ya sponji. Tayari jokofu moja lilikuwa limesimama koridoni, na kila aliyepita alilazimika kulipisha kama mtu mzima.

"Mimi sikuzuii," Fundi alisema siku moja mezani, kwa sauti yake ile ya chini. "Lakini kuuziana ndugu kwa ndugu si biashara, ni mchango."

Neno hilo lilimchoma Mama Mito. Akaweka kijiko chini.

"Sawa. Kabla mwezi haujaisha nitampata mteja asiye ndugu, asiye jirani, asiye rafiki wa ndugu wala jirani wa rafiki. Nisipompata, ingiza majokofu yako chumba cha mbele, mimi nifunge ukurasa nitafute kazi."

"Na ukimpata?"

"Chumba ni changu, na hutakitaja tena."

Wakapeana mikono juu ya bakuli la mchuzi. Kosa lao lilikuwa kupeana mikono hiyo mbele ya Shangazi.

Shangazi huyu, dada wa baba yake, ndiye aliyemlea Mama Mito mama yake alipofariki, na hakuwahi kuona sababu ya kuacha. Alikaa peke yake mtaa wa pili, na goti lake bovu lilijulikana na familia nzima kama mtu wa tisa wa ukoo, aliyesalimiwa na kuulizwa hali. Alipoona mtoto wake ameweka chumba rehani, aliondoka mezani mapema, akafika kwake, akawapigia simu ndugu wote. Amri ilikuwa fupi: kila mmoja afungue akaunti nyingine, aweke picha ya ua, aagize mto, asifu, na ajifanye hamjui mtu.

Basi ukurasa ukachanua. Yalikuja mawaridi, yakaja maua ya alizeti, likaja na ua moja ambalo nusu yake ilizibwa na kidole gumba cha mpiga picha. Mama Mito alipoyaona alipiga kelele iliyomtoa mumewe koridoni na bisibisi mkononi.

Fundi alivaa miwani, akasoma taratibu kama hakimu.

"'MTO MZURI SANA. LETE MWINGINE JUMAPILI UKIJA KUTUONA.' Huyu ni mjomba. Nani mwingine anaandika kama anatoa amri jeshini?"

"Endelea."

"'Mimi simjui kabisa mshonaji huyu wala sijawahi kumuona, lakini kazi yake ni nzuri. Wasalimie watoto.'" Fundi akavua miwani. "Huyu ni baba yangu."

Wa mwisho, mwenye picha ya waridi, alijiita Mrembo wa Mjini, na alieleza kwa kirefu jinsi mto wa mgongo ulivyomponya goti. Mto wake aliomba upelekwe kwa msusi wake, ili asijulikane. Mama Mito alicheka hadi akashika cherehani asianguke, kisha kicheko kikakatika katikati akajikuta anataka kulia. Walimpenda wote. Lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa anamsaidia.

Hakukata tamaa. Alisikiliza kijana mmoja wa mtandaoni, mwenye tai na meno mengi, aliyefundisha masoko bure. Alipiga picha mto ukiwa kwenye kiti cha dereva, kwenye kiti cha kinyozi, kwenye kiti cha daktari wa meno aliyekubali kwa shingo upande. Alijirekodi akizungumza kwa sauti ya kitangazaji mpaka watoto wakauliza yule mama ni nani. Kijana wa tai alisisitiza sana jambo moja, kwamba uongee na mteja kana kwamba mnafahamiana miaka mingi. Mama Mito aliliona hilo gumu, maana wasiofahamiana naye hawakuwepo.

Mwezi ulikuwa ukingoni, na Fundi ameshaanza kupima mlango wa chumba cha mbele kwa futi, akijifanya anapima kitu kingine, pale simu ilipotoa mlio. Lilikuwa waridi jekundu.

"Habari yako dada. Nimeipenda mito yako, naomba mmoja wa buluu. Je, unamfaa mtu mwenye goti linalouma?"

Mama Mito aliangalia juu, akapumua, akatabasamu. Kumbe Mrembo wa Mjini alikuwa hajachoka.

"Shikamoo," akaandika.

"Marahaba."

"Hujachoka tu?"

"Kuchoka nimechoka, mwanangu. Ndiyo maana nautaka mto."

"Goti lako dawa yake si mto, dawa yake ni kukaa chini. Liwekee barafu. Na uache kupanda ngazi za watu kwenda kusikiliza habari zisizokuhusu."

Kisha: "Nani amekuambia habari za ngazi?"

"Mji mzima unajua."

"Ni kweli nazipanda mno. Lakini lifti ni mbovu."

Hapo Mama Mito alicheka mbavu hana. Shangazi, ambaye hajawahi kuingia kwenye lifti maishani kwa madai kwamba ni kabati lenye kiburi, leo analalamika lifti ni mbovu. Safari hii alikuwa amejiandaa kwelikweli. Hata mahali pa kupeleka mzigo hapakuwa tena kwa msusi, palikuwa jengo refu la ofisi karibu na posta.

"Nikulipe vipi?" waridi likauliza.

"Kwa kukaa chini."

Akashona mto wa buluu, na kwa kuwa raha ilikuwa imempanda kichwani, akachukua uzi wa njano akatarizi kwa mkono, kwa herufi kubwa zinazosomeka toka mlangoni: TULIA HAPO, GOTI LITAKUSHUKURU. Fundi alipopita aliuliza ni wa nani.

"Wa Shangazi."

"Basi hauhesabiki," alisema, na alisema kwa huruma, jambo lililomuudhi mkewe zaidi. Mwendesha pikipiki akauchukua.

Siku ya pili yake mchana Shangazi mwenyewe alikuja, akakaa chumba cha mbele, mguu juu ya robota la sponji, akawa anamenya chungwa. Mama Mito alikuwa anavuta zipu. Simu ikatoa mlio.

"Mto umefika. Wenzangu wamecheka mpaka kazi ikasimama. Barafu nimeweka. Na nimekaa chini kama ulivyoniamuru."

Mama Mito akalitazama waridi. Akamtazama Shangazi. Mikono yote miwili ya Shangazi ilikuwa kwenye chungwa.

"Shangazi, simu yako iko wapi?"

"Nyumbani, kwenye chaji. Kwani vipi?"

"Mto wa buluu umeupata?"

"Umenishonea mto?" Uso wa Shangazi ukang'aa. "Uko wapi?"

Mama Mito aliiachia zipu. Mteja asiye ndugu, yule aliyemuota, yule aliyemwekea chumba dhamana, alikuja kwa miguu yake mwenyewe, mguu mmoja ukiwa mbovu, na yeye akamgombeza kama mtoto aliyemwaga uji. Alitamani ardhi ipasuke immeze na cherehani yake. Akamsomea Shangazi yote, tangu marahaba hadi lifti.

Shangazi aliacha kutafuna. "Umemwambia mtu mzima aache kusikiliza habari za watu?"

"Nilidhani ni wewe."

"Kwa hiyo mimi ndiye mnayenisema hivyo?"

Hapo simu ikaita. Waridi lilikuwa linapiga. Fundi alikuwa ameshafika mlangoni, maana nyumba ile sauti hazifichiki, na akamwashiria kwa kidevu apokee. Akapokea, akaweka sauti nje ili aibu wagawane.

"Shikamoo," alisema kwa sauti nyembamba.

"Marahaba. Ndiye wewe uliyenigombeza?"

"Mama, nisamehe. Nilikufananisha na shangazi yangu, naye ana goti, naye anaweka picha ya waridi, naye..."

"Sikiliza, mwanangu. Mimi ni msimamizi wa kitengo cha kupokea simu. Maji yakikatika, sisi ndio tunatukanwa. Kutwa nzima tunagombezwa na watu wasiotujua, na tunatakiwa kujibu 'asante kwa kupiga'. Halafu wewe unanigombeza kama mtu anayenijua. Nimeusoma ujumbe wako nikajikuta nimekaa chini. Mimi sijaambiwa liwekee barafu na mtu yeyote tangu dada yangu aondoke duniani."

Shangazi aliweka chungwa chini.

"Sasa wenzangu wote wanataka," yule mama aliendelea. "Safu nzima. Na kila mmoja anataka karipio lake. Kuna mmoja hanywi maji, na ofisi yenyewe ni ya maji. Kuna mwingine kila siku anamrudia mwanamume aliyekwisha kumwacha. Huyo mshonee wa kwanza, na herufi ziwe kubwa. Na safari hii utapokea pesa, vinginevyo nitakugombeza mimi."

Furaha ilikuwa imemjaa Mama Mito. Mtu ambaye hakumdai upendo, ambaye hakula wali wa harusi yake, alikuwa anautaka mto wake, na alikuwa anautaka kwa sababu ya mto na kwa sababu yake yeye. Alianza kuzunguka meza ya kukatia bila kujua anakwenda wapi, akazunguka tena, akamkumbatia mumewe pamoja na bisibisi yake.

Lakini hakimu ni hakimu. Fundi alikohoa.

"Samahani mama, mimi ni mume wa mshonaji. Naomba kuuliza tu kwa ajili ya kumbukumbu. Una undugu wowote na sisi?"

"Hapana."

"Ujirani? Urafiki na ndugu yetu yeyote? Humjui mtu anayeandika kwa herufi kubwa tupu?"

"Baba, mimi nimekuja kwa ajili ya mto."

Fundi akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Chumba ni chako," alimwambia mkewe. "Sitakitaja tena." Aliitoa hukumu kwa uso wa furaha, kisha macho yake yakaenda koridoni kwenye lile jokofu, na furaha ikapungua kidogo, maana mwisho wa mwezi ulikuwa pale pale na hukumu haikuubadilisha.

Shangazi wakati huo alikuwa ameshanyakua simu.

"Goti lako ni la upande gani?"

"La kushoto."

"Langu la kulia. Asubuhi linakuamsha, au linangoja uamke ndiyo lianze?"

"Linangoja. Lina hila."

Wakaendelea, na mahali fulani katikati ya hila za magoti Shangazi alimuona Fundi anavyolitazama jokofu lake. Akaziba simu kwa kiganja.

"Yapeleke kwangu. Chumba changu cha mbele kiko tupu tangu wanangu waondoke, kazi yake ni kunirudishia kikohozi changu. Ila moja liwe zima. Nataka barafu."

"Shangazi, ni mengi," alisema Fundi.

"Nimekuuliza idadi?" Akaondoa kiganja. "Samahani ndugu yangu, tulikuwa tunapanga mambo ya nyumbani. Sasa Jumapili unafanya nini? Njoo tule pamoja, uone na kwetu."

"Nitakuja," ilisema simu. "Nitakuja na mto wangu."

Fundi akageuka taratibu kumtazama mkewe, kidole kimeanza kuinuka. Mama Mito alikiona, akakishika kidole chenyewe, akakirudisha chini.

"Aliagiza kabla hajaalikwa," alisema, kisha akaketi kwenye cherehani akaanza kutafuta uzi wa njano.