Gugu Nililosema Ling'olewe kwa Mikono

Ukitaka kulijua gugu hili, usianze na ua. Anza na jani: limekatwakatwa kama jani la karoti, tena lina vinyweleo ukilipapasa. Shina lina mifereji inayopanda juu. Kileleni kuna maua meupe, madogo kama punje za mtama. Lisogelee, lakini usiliguse, uone kila ua lina pembe tano. Wengi huliita gugu karoti. Si vigumu, utalijua. Mimi nilichelewa.

Tulikuwa kwenye mwethya, kazi yetu ya kusaidiana, kwa jirani yangu mjane karibu na Zombe. Mvua ilikuwa imenyesha na malisho yake yamejaa maua meupe. Kwa kuwa niliwahi kufundisha kilimo, akina mama waliniuliza ni mmea gani. Niliutazama nikiwa nimesimama wima.

"Ni ua tu la porini," nikasema. "Halina miiba. Ng'oeni kwa mikono, mizizi itoke yote."

Walipong'oa na kukuta mizizi mitupu chini ya majani ya karoti, walicheka. "Mwalimu, hizi karoti zako zimeliwa na nani?"

Mjane aling'oa kuliko sote, maana mwenye mwethya hapumziki kabla ya wageni wake. Siku ya tatu viganja vyake vilivimba, ngozi ikapasuka katikati ya vidole. Yeye husuka vyondo, vikapu vyetu vya kubebea, na uzi wa mkonge husokotwa kwa kiganja juu ya paja. Hakuweza hata kushika kikombe.

Nilitia gugu moja kwenye mfuko wa plastiki nikampelekea afisa wa kilimo. Hakuufungua mfuko.

"Hili huwasha, hasa likichanua," akasema. "Mlivaa glavu?"

Nilikwenda moja kwa moja kwa mjane. Nikamwita mwaitu, kama ninavyomwita mama yangu.

"Mwaitu, ni mimi niliyewaambia mlishike."

"Najua. Siku hiyo ulijibu haraka. Si kawaida yako kujibu haraka."

Niliketi kando yake.

"Usikae hapa kunihurumia," akasema. "Kesho mwethya unahamia shamba lingine, na huko limejaa hivyo hivyo. Nenda ukawaambie."

Nilianza na nyumba ya karibu, ya mmoja wa tuliong'oa naye siku ile. Nilibisha hodi, nikasubiri. Mama mwenye nyumba alifungua mlango kwa kiwiko, viganja vyote viwili amevifunga leso.