Fortunat Mbele ya Milango Miwili

Fortunat alikuwa mtunza bohari katika eneo la viwanda la Bujumbura, na kila Jumamosi alasiri alikuwa maiti. Kazi ya kwanza ilimlisha, kwa kadiri vikwazo vya biashara vya mwaka ule wa 1997 vilivyosaza cha kuliwa. Ya pili ilimpatia jina. Yeye ndiye aliyekuwa mwigizaji mkuu katika tamthilia ya mwalimu Astère, bwana aliyesomesha falsafa na kuamini kwamba hakuna binadamu mwenye hiari, isipokuwa mtunzi wa tamthilia.

Katika tamthilia hiyo, iliyochezwa kwenye ukumbi mmoja wa Nyakabiga, Mtu aliamriwa na Majaliwa achague mlango mmoja kati ya miwili. Alichagua kwa hoja ndefu na nzito, na mlango wowote aliouchagua ulimfikisha kwenye jeneza lile lile. Majaliwa aliigizwa na Mirindi, seremala wa mtaa wa Cibitoke aliyekimbia kutoka Bukavu, si kwa kipaji, bali kwa sababu jeneza lilikuwa lake. Alikuwa amelichonga kwa kipimo cha Fortunat.

Watazamaji hawakuona ajabu yoyote. Wao wenyewe kila asubuhi walichagua kati ya barabara mbili za kwenda kazini, na zote mbili zilikuwa na kizuizi cha askari.

Aliyeona ajabu ni Mama Sikuzani, mjane mwuza ndagala, vile visamaki vya ziwani, ambaye Fortunat alikuwa akimposa binti yake, Dorothée.

"Apana! Siwezi toa mutoto wangu kwa mutu mwenye analala mu sanduku kila samedi."

"Ni teatre tu, mama mukwe."

"Usiniite mama mukwe! Vita inatafuta watu, na we unajipima sanduku kabisa! Samedi nitakuja na Dorothée. Ukikufa, usikanyage tena kwangu."

Fortunat akamwendea Astère, akamsihi Mtu aponyeshwe, walau mara moja.

"Haiwezekani. Imekwisha andikwa."

"Lakini ni we uliandika, Mwalimu."

"Ndiyo sababu haiwezekani."

Jumamosi ikafika. Mama Sikuzani aliketi mstari wa mbele, mkoba mapajani, Dorothée ubavuni pake. Fortunat akautazama mlango wa kushoto, akautazama wa kulia, akalitazama jeneza, akamtazama Dorothée. Kisha akaketi sakafuni.

"Chagua!" akanguruma Mirindi.

"Ninafikiri."

Na kweli akafikiri. Jua likahama dirisha hadi dirisha. Nyuma ya shuka lililofanywa pazia, Astère alimnong'oneza maneno yake, kisha akamtisha, kisha akasali, yeye asiyeamini sala. Ukumbini watu wakaanza kutazama saa zao, kwa maana amri ya kutotoka nje haikuwa na heshima kwa sanaa. Hatimaye Majaliwa mwenyewe akaishiwa na subira.

"We bwana, chagua basi! Mi ninakaa Cibitoke, barieri ya askari itafungwa!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Majaliwa akavua joho, akajitwika jeneza lake, akatokea kwa mlango wa kushoto.

Fortunat akainuka, mzima.

"Mama, sikukufa."

"Nimeona," akajibu Mama Sikuzani. "Umekaa kama gunia. Nyumba ikivuja, utafikiri hivi hivi?"

Hapo Dorothée akapanda jukwaani, akamshika Fortunat mkono.

"Mama, mi nimechagua. Ni huyu."

Watazamaji wakapiga makofi, wakidhani ndio mwisho. Astère naye, nyuma ya shuka lake, akadhani hivyo hivyo, akatoka kuwainamia.

Mama Sikuzani akafunga mkoba.

"Umechagua nini? Padri wa ndoa yenu nilishamuona tangu Pasaka. Nilikuwa natafuta tu namna ya kumutoa huyu mu ile sanduku. Mushuke haraka, giza inaingia."

Wakashuka. Nje, Fortunat akauliza kwa adabu wapite barabara ipi. Mama Sikuzani alikuwa amekwisha tangulia.