Saa ya Wazamiaji Mbele ya Sikio la Baba

Saa niliinunua mtandaoni, kwa kampuni ndogo ambayo ukilitamka jina lake watu wanakwambia "afya" wakidhani umepiga chafya. Haikuwa ghali. Ilikuwa ya otomatiki, yaani haina betri wala haitiwi ufunguo, inajipa nguvu yenyewe kadiri mkono unavyotembea. Na ilikuwa saa ya wazamiaji, wale watu wanaoshuka chini kabisa ya maji kwa kupenda kwao. Mgongoni imechorwa samaki mwenye sura ya mtu aliyedhulumiwa shamba, na pembeni yake wameandika kwamba inahimili mita mia mbili.

"Mita mia mbili za maji utazitoa wapi hapa Kahama?" mke wangu aliuliza.

Mtaani kwetu maji yakitoka bombani majirani wanapigiana simu kupeana taarifa.

"Halafu eti ya wazamiaji," akaendelea. "Baba Watoto, huna hata aibu? Umejinunulia sare ya kuzamia harusi za watu!"

Wiki nzima ikawa hiyo. Nikiivaa asubuhi ananiuliza leo nazamia wapi, pilau ipo, nimwekee mfuko wa kubebea nyama. Mimi nauza vifaa vya ujenzi, nashinda kwenye saruji na misumari, na harusi zote ninazokwenda nimechangia. Nina hasira za karibu, sikatai. Lakini mke wangu hakuwa tatizo langu. Tatizo langu lilikuwa baba.

Baba anaishi Ushetu, analima tumbaku kidogo na ana ng'ombe wengi kuliko anavyokubali mbele ya wageni. Ujana wake uliishia kwenye maduara ya Geita, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, na kazi yake kule ilikuwa kugonga mwamba juu ya vichwa vya wenzake na kusikiliza kama umeshika au unataka kushuka. Siku moja alisema tokeni, wakatoka, ukashuka. Tangu hapo sikio lake likawa ofisi. Mtu pale kijijini akitaka kununua redio, pikipiki, mashine ya kuvuta maji, hata chungu, anamwita baba asikilize kwanza. Akisema "inalia", nunua. Akisema "bule", maana herufi ya r haijawahi kukaa sawasawa mdomoni mwetu Wasukuma, basi rudisha ulikoitoa.

Katika maisha yangu yote hakuna kitu nilichonunua mimi kikalia. Baiskeli yangu ya kwanza, bule. Simu yangu, bule. Kitanda changu cha ndoa alikigonga ubavuni, akainamisha kichwa, akasema bule, na bibi harusi amekaa pale pale juu yake. Mke wangu peke yake ndiye aliyepita. Baba alimsikiliza akicheka, akasema huyu mzima. Lakini mke si kitu cha kununua, na hata hao ng'ombe wa mahari aliwatoa yeye.

Sasa mimi ni mtu mzima, nina watoto wanaonizidi urefu, na bado nilikuwa nataka, nasema kweli kabisa, baba aiweke saa ile sikioni aseme inalia. Basi. Neno moja tu.

Kwa hiyo sikukurupuka. Niliamua kuipima mwenyewe kwanza, nikienda Ushetu niwe na hoja.

Nikaanza na maji. Pipa letu la bluu linanifika kiunoni, na siku hiyo lilikuwa nusu. Nikaitumbukiza saa, ikazama taratibu mpaka chini, nikaisubiri. Nilipotaka kuitoa mkono haukufika. Nikainama. Haukufika. Nikajivuta kidogo, na hapo pipa likanimeza mpaka kifuani, kichwa kinagonga plastiki, miguu inatafuta ardhi na haiioni. Mke wangu alipokuja alikuta nyayo tupu.

"Haya, leo umezamia kweli," alisema, akanivuta kwa mkanda wa suruali. Kisha ndipo alipokumbuka. "Maji ya kunywa hayo! Ya kunywa, Baba Watoto!"

Saa ilitoka nzima, haina hata ukungu kiooni. Upande wa maji nikaipa alama zote, ingawa kusema kweli ilikuwa bado inadai mita mia moja tisini na tisa.

Gizani mishale yake iling'aa vizuri, kijani, mke wangu akageukia ukutani akalalamika kwamba kuna kitu kinamwangalia. Ile pete ya juu inayozunguka ilikuwa inatoa mlio mtamu, kre kre kre, na nikaizoea vibaya mpaka wateja dukani wakawa wananiuliza kama kuna panya. Nilipoilinganisha na simu, ilikuwa inakimbia kidogo mbele, jambo ambalo kwa mtu wa kwetu ni dawa. Mkanda wa mpira ulininukia mkononi kama tairi jipya. Na kasoro yake kubwa ni hii: ukiivua ikalala muda mrefu inasimama, na ikishalala hivyo haiamki kwa kuguswa tu. Mpaka uitikise kwa nguvu, kama mtu anayechanganya dawa ya mtoto.

Jumapili moja nikapanda pikipiki nikaenda Ushetu. Nikamkuta baba amekaa nje na redio. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya kuita ng'ombe, nami sikushangaa kwa sababu kwetu hatujawahi kuongea polepole. Nikaivua saa nikampa kwa mikono miwili.

"Saa ya wazamiaji, baba. Inakwenda mita mia mbili."

"Kwenda mbele au kwenda chini?"

"Chini."

"Chini kuna nini?"

"Maji."

"Maji!" Akamgeukia mama, aliyekuwa anapepeta mpunga mlangoni. "Geita duara likiingia maji tulikuwa tunatoka mbio tunaacha mpaka viatu. Hawa wananunua saa ili wakae humo humo!"

Halafu akaiweka kwenye sikio la kulia. Akafumba macho. Akaihamishia la kushoto. Mimi pale nimebana pumzi kama mtahiniwa. Akafumbua macho.

"Imekufa."

"Baba, imekufaje? Tazama mshale, si huo unatembea!"

"Mshale hata ukipulizwa unatembea. Saa ni sauti. Hii haina sauti." Akanirudishia. "Bule."

Jamani. Nilipandwa na hasira. Nikamwambia baiskeli ile aliyoiita bule niliiendesha miaka mpaka nikaiuza, na kitanda kile ndicho tunacholalia mpaka leo. Akasema kitanda kinalia kila anapokuja kutembea, tena kinalia pasipotakiwa, na wajukuu wanasikia. Nikasema haya, kama saa imekufa basi kaa nayo uizike. Nikamwekea mapajani. Akasema vizuri, ataisikiliza tena alfajiri, mahali pakiwa pametulia. Mama alikuwa ameshatenga ugali na mlenda, nikakataa kula, kitu ambacho kwetu ni sawa na kutukana.

Mama alinifuata mpaka kwenye pikipiki. Alikuwa ameichukua ile saa, ameiweka sikioni.

"Mbona inalia hii," alisema. "Inalia kama panzi."

"Mwambie yeye!"

"Redio yake siku hizi anaifungua mpaka kuku wanahama," mama akasema, akanitazama. "Umeelewa, mwanangu, ng'wanawane?"

Sikuelewa. Nilikuwa na hasira zangu, nikawasha pikipiki nikaondoka. Niliporudi nyumbani nikamsimulia mke wangu kila kitu, na yeye akanisikiliza vizuri, kisha akauliza kama kitanda ni kweli.

Baadaye kidogo nikampigia baba simu. Hasira ilikuwa imepungua, nilikuwa nataka tu kujua.

"Baba, ile saa inaendeleaje?"

"Wameuzwa wawili," akajibu.

"Nauliza saa! Saa!"

"Yule mweupe na yule wa pembe moja. Bei nzuri tu."

"Baba, na tumbaku je?"

"Na mama yako hajambo, yuko kisimani."

Nikakaa na simu mkononi juu ya mifuko ya saruji. Mteja alikuwa ananiulizia misumari ya bati, nikamwomba asubiri. Ndipo maneno ya mama yaliponifikia, yamechelewa, moja baada ya jingine. Kumbe ile sauti ya kuita ng'ombe haikuwa mazoea ya kwetu. Na kumbe siku ile pale nje, kwenye kiti chake, mzee alikuwa amefumba macho akatafuta sauti pande zote mbili na hakuikuta, akaona ni afadhali iwe imekufa saa. Niliumia sana. Nilimwonea huruma, na nikajionea haya kwa kile chakula.

Nilirudi Ushetu wakati wa kupukuchua mahindi. Baba alikuwa nje na majirani kama watano, mama akizungusha chai. Nilijua mama alikuwa ameshamwambia kwamba saa inalia, kwa sababu nilipomaliza tu kusalimia watu, baba aliinuka mwenyewe, akaingia ndani, akatoka na bakuli la bati. Ndani ya bakuli, juu ya kitambaa cheupe, ilikuwa saa yangu.

"Huyu kijana," akawaambia majirani, kwa sauti ambayo hata mgodini Buzwagi wangeisikia, "alileta saa. Siku ile palikuwa na upepo. Sikuisikiliza vizuri."

Akaiinua taratibu, kama yai, akaiweka sikioni. Watu wakaacha kupukuchua. Akafumba macho. Akakaa hivyo muda mrefu kuliko siku ile ya kwanza. Kisha akatabasamu.

"Inalia," alisema. "Inalia vizuri sana."

Neno langu hilo. Nimelisubiri tangu baiskeli. Na kutoka pale nilipokaa nilikuwa nauona mshale wa sekunde, mwekundu, umelala pale pale. Saa ilikuwa imekaa kwenye bakuli tangu nilipoondoka. Ilikuwa imesimama kimya, imekufa hasa, sasa kweli.

Nitasema na hili, maana lilinipita kichwani: nilikuwa na nafasi. Kitanda, simu, baiskeli, vyote ningevilipia kisasi kwa sentensi moja mbele ya mashahidi. Mdomo ulishafunguka.

Jirani mmoja, mwenye shamba kubwa la tumbaku, alikuwa amekuja siku hiyo kumwomba baba akamsikilizie mashine ya kuvuta maji anayotaka kuinunua. Huyo akanyoosha mkono. "Hebu na mimi niisikie hiyo, mzee."

Nikaruka. Nasema niliruka, nikapindua ungo wa mahindi, nikaiwahi ile saa kabla haijafika kwenye kiganja chake.

"Ngoja!" nikasema. "Hii ina namna yake ya kushikwa."

"Namna gani?"

"Ya wazamiaji!"

Nikaanza kuitikisa. Niliitikisa juu, chini, kulia, kushoto, nikazunguka nayo uwanjani mabega yanacheza, mtu mzima na kitambi changu, mahindi yananiteleza miguuni. Mbwa akaanza kubweka. Mama akaficha uso kwenye khanga. Nikasema wazamiaji wote duniani wanafanya hivi kabla ya kuingia majini, ni kwa ajili ya damu. Sijui damu ilitokea wapi. Nilipouona mshale mwekundu umeruka hatua moja, ukaruka ya pili, nikamkabidhi jirani nikiwa natweta.

Akaiweka sikioni. Akanitazama mimi, akamtazama baba.

"Ng'hana," akasema, ni kweli. "Inalia."

Akampa mwenzake, mwenzake akampa mwingine, kila mmoja akasema inalia, na chai ikazunguka tena. Nikaketi kwenye kigoda karibu na baba nikifuta jasho. Akanisogelea. Akaniwekea mkono begani, akaninong'oneza jambo letu wawili, siri ya baba na mwana. Lakini mtu asiyejisikia hawezi kujua anong'ona kwa ukubwa gani.

"ILIKUWA IMESIMAMA, SIYO?"

Mbwa alinyanyua kichwa. Jirani wa tumbaku, aliyekuwa ameketi hatua mbili tu kutoka pale, ghafla akaanza kumsifia mama ukubwa wa mahindi ya mwaka huu. Mwingine akakumbuka kikohozi. Wa tatu akaokota punje zilizomwagika, moja moja, kwa bidii, bila kuinua macho. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amesikia.

Baba alikuwa ananingoja, ananitazama midomo. Sikuwa na njia ya kumjibu kwa siri. Nikainama mpaka kwenye sikio lake nikapaza sauti, uwanja mzima ukiwa kimya:

"Hapana, baba! Ilikuwa inalia!"

Akaitikia kwa kichwa, akavuta kikombe chake cha chai.

"Eeh," alisema. "Ndivyo nilivyosikia."