Niliomba chumvi Marereni: mlo wa baa niliyotaka ifungwe

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kosa litakaloanikwa hapa nalitaja mapema: ni kuhukumu mahali ambapo mguu wako haujafika. Mkosaji ni mimi. Yaliyonipendeza na yaliyoniaibisha nitayaweka yote mezani, bila kuongeza wala kupunguza.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa mwalimu kijana katika shule ya msingi kaskazini mwa Malindi, karibu na mashamba ya chumvi ya Marereni. Sisi ni Waislamu, asili yetu visiwa vya Lamu, na pombe sijaionja hata leo. Vitabu nilikuwa nimevisoma vingi, nikadhani kusoma ndiko kuona.

Nyuma ya mashamba hayo palikuwa na baa ya pombe ya mnazi, ile ambayo wenyeji huiita mangwe. Haikuwa na kibao wala njia ya gari. Wazazi walilalamika kwamba wanaume wakitoka kazini huishia huko. Kamati ya shule ikaniomba, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri, nimwandikie chifu barua ili ifungwe.

Niliimaliza kwa kikao kimoja. Sentensi niliyojivunia zaidi ilikuwa hii: "Humo hamliwi kitu ila akili za wanaume."

Mwenyekiti wa kamati aliisoma, akafurahi, kisha akaniuliza, "Lakini umefika huko, mwalimu?"

"Sijafika."

"Basi nenda hata mara moja, chifu asije akakubana kwa maswali." Barua akaitia mfukoni.

Nilikwenda Jumamosi, saa saba mchana. Nilipita juu ya kingo za madimbwi ya chumvi, weupe wake ukiniumiza macho, hadi nikafika kwenye banda la makuti.

Nilitarajia kelele na matusi. Nikakuta ukimya wa watu wanaokula.

Walikuwa wanaume kama ishirini, miguu imepasuka kwa chumvi, kila mmoja na sahani ya bati mapajani. Mbele yao hapakuwa na mnazi hata tone. Hilo lilinishangaza kuliko kama ningewakuta wamelala chini.

Mpishi, ambaye ndiye mwenye baa, alikuwa mama wa makamo aliyejifunga leso kiunoni. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwalimu. Wataka mnazi ama wataka chakula?"

"Chakula gani?"

"Kilichoko."

Kilichokuwako ni muhogo uliopikwa kwa tui zito hadi ukapasuka, vipande vya papa mkavu, na embe bichi iliyokatwa nyembamba. Nikaonja muhogo. Ulikuwa laini ajabu, lakini haukuwa na chumvi hata chembe.

Nikainua mkono, kwa adabu zangu zote nikasema, "Mama, naomba chumvi."

Banda zima likalipuka kwa kicheko.

"Yuko Marereni, aomba chumvi!"

"Mwalimu, njoo ulambe kisigino hiki, utosheke!"

"Mleteeni gunia, jamani, mgeni asidhalilike!"

Mama peke yake hakucheka. "Hawa washinda ndani ya chumvi tangu alfajiri," aliniambia. "Wailamba kwa jasho, walala nayo mwilini. Nikiitia chunguni, hawali. Chumvi iliyoko ni ya papa. Mtafune papa kwanza, kisha muhogo ufuate."

Nikatii.

Papa akaiachia chumvi yake polepole, embe ikaikata kwa ukali, kisha tui likaja nyuma kuvipoza vyote. Wakuu, nimekula biriani za harusi na pilau za Idi. Mlo ule sikuula tu, ulinituliza. Nilishtuka kujikuta nimevua viatu.

Hapo udadisi ukanishika. Nilimuuliza mbona papa wake hanuki. Akasema humloweka kwa maji ya ukwaju. Nikamuuliza mbona mnazi hauonekani.

"Wauzwa. Lakini sahani yaanza. Mwenye kuacha chakula simmiminii."

Nasema ukweli kama nilivyoahidi: walevi walikuwapo, nikawaona baadaye, na sitawasafisha hapa. Ila hakuna aliyelewa na njaa, na wengi walikula, wakainuka, wakaenda zao.

Nilirudi Jumamosi mbili zaidi. Nilijiambia ni uchunguzi.

Wakati mimi nachunguza, barua ilikuwa imeshamfikia chifu. Akaitisha baraza, akaisoma mbele ya watu, na ile sentensi yangu ikasikika mpaka nyuma. Yule mama alikuwa amekaa chini, mikono magotini, akisubiri riziki yake iamuliwe. Mwenyekiti akanitazama nisimame kuthibitisha.

Nikasimama.

"Niliandika kabla sijafika," nikasema. "Humo chakula kipo. Nimekula mara tatu."

Watu wakaguna. Mwenyekiti akatazama kando. Chifu akachukua kalamu. "Kumbe. Na mpishi aitwa nani?"

Sikujua. Nilijua ukwaju wake, embe yake, hata kanuni ya sahani. Jina lake sikuwa nimelitafuta, kwa sababu katika barua yangu nilimwita "mwanamke fulani", na nilikuwa bado nakula kwake kama kwa mwanamke fulani.

Nikamgeukia mbele ya watu wote. "Mama, niwie radhi. Jina lako nani?"

"Mara tatu wamaliza sahani, mwalimu, leo ndiyo waniuliza?"

Baraza likacheka, na chifu naye. Baa haikufungwa, iliamriwa tu ifunge jua likizama. Mwenyekiti hakunisalimu muhula mzima, nami sikumlaumu, maana aliyemtia aibu ni mimi.

Funzo nililobaki nalo ni hili: maadili yasiyofika mahali, yasiyokaa chini wala kuuliza jina, ni mwandiko mzuri tu.

Najua humu wamo waliowahi kula vizuri pasipotarajiwa. Simulieni hapa chini, hata wenye kunipinga. Ombi langu ni moja: kila mtu aanze kwa kumtaja aliyempikia. Wangu ni Kadzo wa Mwaringa.