Boza la Shemeji

Ningepaswa kukataa. Mnunuzi wa vyuma kuukuu kutoka Meru alisimama mlangoni pa karakana yangu hapa Isiolo, akaniuliza kama ningeweza kumkatia boza la maji, lori lenye tangi, lililokuwa limepinduka karibu na Ngaremara. Aliponitajia mwenye boza, nikasema ndiyo kabla hajamaliza.

Alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Tulianzisha karakana yetu ya kwanza pamoja, mimi nikishika tochi ya gesi, yeye akitafuta kazi. Siku moja nilirudi kutoka mazishini nikakuta amebadilisha kufuli, mitungi yangu ya gesi ikiwa ndani. Kwa miaka tisa nilipita mbele ya geti lake nikitema mate.

Boza lilikuwa limevutwa hadi getini kwake. Nikaamua kulikata palepale, mchana, watu wakiona.

Kukata chuma kwa gesi kunataka subira. Unafungua asetilini kwanza, unaiwasha, kisha unaongeza oksijeni polepole mpaka ulimi wa moto uwe mfupi na wa samawati. Unapasha ukingo wa chuma hadi uwe mwekundu. Hapo unabonyeza wenzo, oksijeni inatoka kwa nguvu, na chuma chenyewe kinaungua na kumwagika chini. Nilianza na chesisi, fremu ya chini ya lori. Kila kipande kilipoanguka nilimtazama shemeji, aliyesimama getini kwake. Nilifurahi, sikatai.

"Mzee, leo unachinja!" muuza miraa mmoja akapiga kelele. "Mbakizie kichwa basi!"

Watu wakacheka. Nilipofika kwenye tangi, shemeji alinikaribia akaniinamia sikioni.

"Shemeji, hilo lijaze maji kwanza. Safari ya mwisho nilibeba petroli kupeleka Gotu."

"Petroli, kwa boza la maji?"

"Hiyo ni siri yangu nakuambia. Lijaze."

Kila fundi anajua kwamba tangi lililobeba mafuta hujazwa maji hadi karibu na mstari wa kukatia, ili mvuke usipate nafasi. Lakini maji yetu huja kwa mikokoteni ya punda, na kulijaza lile kungetupeleka hadi kesho yake. Nikaona ananitafutia njia ya kuniharibia siku. Ningeweza kunusa mdomo wa tangi nijue ukweli. Sikutaka kunusa.

"Rudi nyuma," nikamwambia kwa sauti, wote wasikie. "Mtu aliyeniibia mitungi hawezi kunifundisha kazi."

Nikapasha, nikabonyeza.

Bamba la tangi lilifumuka likanipiga usoni. Watu wote walikimbia isipokuwa yeye. Mipira ya gesi ilikuwa ikiwaka, naye akaenda moja kwa moja kwenye mitungi, akafunga valvu zote mbili kwa mikono mitupu.

Bado namchukia kwa ile karakana, sitadanganya uzeeni. Ninachukia zaidi kwamba siku ile yeye ndiye aliyekuwa fundi.

Mke wangu alikuja hospitalini akaniuliza swali moja tu: "Alikuambia?"

"Aliniambia," nikajibu.

Alienda kumuuguza kaka yake mikono iliyoungua, na hakurudi tena kwangu. Kukubali kazi ile kulinigharimu jicho la kushoto, na mke niliyeishi naye miaka thelathini na mmoja.