Kikaushio cha Mama Upendo

Kilichonifungisha safari ni ukimya. Chuo chetu, kule Morogoro, kilikuwa kimejenga kikaushio cha matunda Kwai, juu ya Lushoto, ili mapeasi yasiendelee kuoza chini ya miti kila msimu. Tulifundisha akina mama, tukapiga picha, tukapata hata duka Tanga lililo tayari kununua matunda makavu. Kisha kimya. Duka likauliza mzigo uko wapi, nami, kwa kuwa napenda safari kuliko vikao, nikajitolea kwenda kuangalia.

Mombo nilishuka basi nikivuja jasho. Gari la Lushoto likaanza kupanda, kona baada ya kona. Soni nikafunga dirisha, na Lushoto nikavaa sweta. Njia nzima nilibuni sababu: labda ukungu umezidi jua, labda akina mama wamegombana.

Asubuhi yake bodaboda ilinifikisha Kwai. Mama Upendo, mwenyekiti wa kikundi, alikuja kunipokea njiani. Nikajitutumua na Kishambaa changu cha kuokoteza, "Onga maundo," yaani habari za asubuhi. Akacheka, akanikumbusha kwamba kwa umri wake anastahili shikamoo. Nikaitoa upesi.

Nyumbani kwake nilinyweshwa chai ya maziwa mazito na kulishwa viazi mpaka nikafungua kishikizo cha suruali. Nyuma ya nyumba mapeasi yalikuwa yametapakaa chini, nyuki wakila sikukuu. Mama Upendo hakuzunguka: mapeasi ndiyo yanayomsomesha binti yake shule ya bweni, na wachuuzi mwaka huu wanataka kuyachukua bure. Yasipouzwa, shule zikifunguliwa Upendo atabaki nyumbani. Nikaweka kikombe chini.

"Na kikaushio, mama?"

"Kipo. Tumekitunza vizuri sana."

Hakusema uongo. Kibanda chake, hatua chache kutoka jikoni, kiling'aa. Nje palifagiliwa, maua yamepandwa pande zote mbili za mlango, na ndani kila trei imefunikwa kitambaa cha kufuma, kile cha kutandika juu ya makochi wageni wanapokuja. Nilinusa. Hapakuwa na harufu ya tunda; kikaushio hakikuwahi kukausha hata kipande kimoja.

Mama Upendo akanionyesha maandishi mekundu mlangoni: MALI YA CHUO.

"Mwenyewe hayupo," alisema kwa upole. "Tungeanzaje kupikia nyumbani kwa mtu asiyekuwepo? Tulikuwa tunawasubiri mje mkifungue."

Nilicheka, kisha kicheko kikakatika. Chuoni kwetu kila kitu huandikwa hivyo, kuanzia viti hadi mifagio, na hakuna anayesoma tena. Hapa walisoma, wakaheshimu, na mapeasi yakaoza kwa adabu. Niliona uchungu kweli.

Niliomba panga, nikaanza kukwangua rangi. Akina mama walinitazama kwa mashaka, mmoja akauliza kama wakubwa wangu wanajua. Nikamwambia watajua nikirudi. Neno la mwisho lilipobanduka mlangoni, Mama Upendo alikunja vitambaa vyake kimoja kimoja, akavipeleka nyumbani kwake, akarudi na visu.

Siku zilizofuata tulimenya, tukakata, tukapanga. Jua la Kwai lina aibu asubuhi, lakini mchana lilifanya kazi yake. Vipande vya kwanza vilipokauka tulivituma Tanga, na jibu la duka lilikuwa fupi: leteni vyote mlivyo navyo. Mama Upendo alikaa kwenye ngazi, akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha akampigia simu binti yake, aliyekuwa likizo kwa shangazi, akamwambia asiache kufua sare.

Siku ya kuondoka nilikuwa nimeshajua nitakachowaambia wenzangu: kujenga tuliweza, tatizo ni kwamba hatukukabidhi. Maskini hasaidiki kwa kitu ambacho bado ni chetu. Nilijiona mwerevu kweli. Bodaboda ikipiga honi, nikakimbilia kikaushioni kujichukulia vipande vya njiani, mkono tayari kwenye komeo.

"Mwalimu," Mama Upendo aliita kutoka jikoni, "hujapiga hodi."

Nikashusha mkono. Nikapiga hodi. Akamalizia kwanza kuosha sufuria, akaja taratibu akijifuta mikono, akasimama mlangoni pake.

"Karibu," akasema.