Nafasi ya Juu Aliyoachiwa Oleta

Verdie Coble hakujua kushona polepole. Hilo ndilo lililomponza, na ndilo ninalompendea hadi leo.

Kiwanda chetu kilishona suruali za kazi, na wanawake wa safu ya mifuko walilipwa kwa idadi ya mifuko waliyomaliza. Kila ulipoletwa mtindo mpya alikuja bwana mmoja mwenye saa ya kupimia. Alisimama nyuma ya mshonaji mmoja, akapima mwendo wake, na bei ya mfuko ikapangwa kwa mwendo huo kwa safu nzima. Kwa hiyo kila mwanamke pale aliijua sheria ambayo haikuandikwa popote: bwana wa saa akikusimamia, jikokote. Angusha mkasi. Uzi ukate mara mbili. Nenda chooni. Siku moja bwana yule alisimama nyuma ya Verdie, na Verdie akashona kama alivyoshona siku zote. Wiki iliyofuata bei ya mfuko ikashuka.

"Nikipunguza mwendo mshono unapinda," alijitetea.

"Si upinde basi!" Oleta Suggs alimfokea mbele ya wote. "Umetukatia mkate wetu. Haya, kaa na mshono wako ulionyooka."

Akakaa nao kweli. Oleta ndiye aliyekuwa sauti ya safu ile. Akicheka wanacheka, akinuna wananuna. Tangu siku hiyo Verdie akiketi mezani wakati wa chakula, wenzake waliinuka na sahani zao wakahamia meza nyingine. Miaka kumi na tisa alikula maharage na mkate wake wa mahindi peke yake, karibu na mashine ya soda, haraka haraka, kisha akarudi kwenye cherehani yake. Mimi nilikuwa fundi wa mitambo, sikulipwa kwa mifuko, na ugomvi wao haukunihusu. Niliwahi kumuuliza kwa nini haombi kuhamishiwa safu ya zipu.

"Garland, mimi najua mifuko," alinijibu. "Nihame ili nani afurahi?"

Kisha kazi ikahamia Mexico. Kwanza waliachishwa Oleta na nusu ya safu ya mifuko, majira ya kuchipua, siku chache kabla ya watu kwenda kusafisha makaburi ya jamaa zao, kama desturi yetu ya kila mwaka. Sisi wengine tulibaki karibu mwaka mzima tukizidi kupungua, hadi nikaambiwa nizifungue cherehani na kuzipakia kwenye makasha. Nilizifungua kwa mikono hii, na sikuona haya kulia.

Wiki ya mwisho alikuja mtu wa serikali akatukusanya kwenye ukumbi wa chini wa kanisa. Alisema upo msaada kwa watu ambao kazi yao imechukuliwa na biashara ya nje: serikali inakulipia shule ujifunze kazi nyingine, na inakupa posho ya kuishi ukiwa unasoma. Lakini lazima msaada uombwe. Wafanyakazi watatu wakitia sahihi, kiwanda kizima kinahesabiwa. Aliyeachishwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya ombi kufika hahesabiwi tena.

Ungedhani watu wangekanyagana kutia sahihi. Thubutu! Msimamizi alikuwa amepitisha maneno kwamba huenda baadhi yetu tukaitwa tena, na hakuna aliyetaka jina lake lionekane kwenye karatasi ya lawama. Upuuzi mtupu.

"Mashine zimeng'olewa," Verdie aliwaambia. "Mkiitwa mtashona kwa meno?"

Hata mmoja hakuichukua kalamu. Akaondoka na karatasi yake ya ombi, akaja kwangu. Nilichukua kalamu nikataka kuandika pale juu, akaniwekea kidole kwenye nafasi ya pili.

"Saini hapa."

"Na ya juu?"

"Saini hapo, Garland, acha maswali."

Yeye alikwishajiandika ya tatu. Nikadhani amekosea.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na viwili peke yake havikututosha. Tulizunguka nyumba za wanawake walioachishwa kwanza, na wote walitoa jibu moja: Oleta akisaini, nasi tutasaini. Ilikuwa Jumatano. Mwaka wao ulikuwa unakwisha Ijumaa.

Tulimkuta Oleta barazani akivunjavunja maharage mabichi kwenye beseni, bado amevaa sare ya gesti ya barabara kuu alikokuwa akitandika vitanda. Mgongo ulikuwa umemwisha. Kutoka ndani tulisikia kikohozi cha mumewe, Harlan, aliyekuwa hatoki kitandani.

"Garland," alisema bila kuinua macho, "mwambie huyo uliyekuja naye kwamba mbwa wangu anauma."

"Mbwa wako alikufa, Oleta."

"Basi nitauma mimi."

Verdie hakupanda ngazi. Akiwa pale chini alieleza habari ya shule, posho na zile sahihi tatu. Oleta aliendelea na maharage yake.

"Wewe umetoka juzi," alisema hatimaye. "Una mwaka mzima wa kungoja. Haraka ya nini? Au ndiyo tabia yako ileile?"

"Mimi nina mwaka. Wewe una hadi Ijumaa."

Mikono ya Oleta ikasimama. Harlan alikohoa tena, na nikaona uso wa yule mama unalegea, kisha unakaza.

"Unataka nikushukuru."

"Nataka usaini. Kushukuru hujui, na sikuja kukufundisha."

Nilitazama pembeni nisicheke.

"Nilikula kiapo mbele ya safu nzima, Verdie Coble. Jina langu haliwezi kukaa chini ya lako hata siku moja."

Verdie akapanda ngazi, akamwekea karatasi juu ya beseni la maharage. "Halitakaa. Nafasi ya juu ni yako. Nilijua utaleta hayo."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikajiona mjinga. Oleta alijifuta mikono kwenye sare, akasoma neno kwa neno, akatia sahihi kwa nguvu hadi kalamu ikakaribia kuitoboa karatasi.

"Usidhani tumepatana."

"Sijadhani," Verdie alisema, akageuka kuelekea garini. Alhamisi asubuhi karatasi ilitumwa kwa faksi ya maktaba, na jioni ikajibiwa kwamba imefika.

Ombi lilikubaliwa kabla ya majani kupukutika. Wale waliokataa kusaini ndio waliokuwa wa kwanza kupanga foleni kwenye ofisi ya chuo, na Verdie hakumkumbusha hata mmoja. Mtu wa namna hiyo humpati kila siku, nami nasema wazi kwamba singeweza kuwa yeye. Oleta alichukua uuguzi. Verdie, nywele nyeupe kichwani, alichagua kutengeneza viyoyozi, darasa la vijana watupu ambao wiki ya pili walikwishaanza kumwita mama.

Nami nilijiandikisha, na chakula cha mchana tulikula sote kwenye kantini ya chuo. Verdie aliingia siku ya kwanza akaenda moja kwa moja hadi meza iliyo karibu na mashine ya soda, akaweka mkoba wake kwenye kiti cha pili, akafungua maharage yake. Siku ya tatu Oleta aliingia na sinia, nyuma yake safu ya mifuko karibu nzima. Alisimama mbele ya meza ile.

"Hesabu za vipimo vya dawa zimenishinda," alisema. "Ondoa huo mkoba."

Verdie akauondoa. Oleta akaketi, wengine wakavuta viti, sinia zikagongana.

"Na ule polepole, maana tumekuja wengi."

"Sijui kufanya kitu polepole, Oleta. Unajua."

"Najua," Oleta alisema. "Najua, dada."

Nilikuwa meza ya pili na niliyaona kwa macho yangu. Kengele ya darasa ililia, vijana wakamwita mama yao waende, na mkate wa Verdie ulikuwa bado haujaliwa hata nusu.